Barua ya wazi kwa viongozi wa Mkoa wa Tanga: Mpaka wa kijiji haulindwi kwa hotuba ya amani

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Tanga. Kwa wakuu wa wilaya za Handeni na Kilindi. Kwa wakurugenzi wa halmashauri, wabunge na madiwani wetu.

YAH: ARDHI, MAJI NA UMOJA WA WANANCHI HANDENI NA KILINDI

Waheshimiwa,

Shikamooni mlionizidi umri. Tuliolingana, habari za kazi.

Mimi ni mchuuzi wa nafaka. Msimu wa mahindi naonekana Kiberashi na Songe, msimu wa ufuta nazunguka vijiji vya Handeni, na mzigo wangu huishia Korogwe au Tanga mjini. Baba yangu ni Msambaa wa Bumbuli, mama Mbondei wa Muheza, mume wangu Mzigua, na wanunuzi wangu wakubwa wa mahindi kiangazi kikikaza ni kina mama wa Kimasai. Nayataja makabila haya mapema ili msije mkadhani nina upande, au mkadhani ninao ila naficha.

Kilichonifanya niandike ni hivi. Mkulima na mfugaji wakigombana, habari hutoka kijijini kwenda kata, kata kwenda tarafa, tarafa kwenda wilaya, na kadiri inavyopanda inabadilika sura. Kule chini ilikuwa ng'ombe wameingia shamba la mtu, shamba limelimwa kwenye njia ya mifugo ya kwenda bwawani, na hakuna anayeweza kuonyesha njia ilipita wapi kwa sababu ramani ya kijiji iko wilayani, kama ipo. Ikifika kwenu imeshakuwa "Wazigua na Wamasai wamepigana." Basi unakuja msafara, unaitishwa mkutano chini ya mwembe, tunahubiriwa amani, wazee wa pande mbili wanapeana mikono mbele ya kamera, magari yanaondoka. Mpaka unabaki haujulikani. Bwawa linabaki tope. Msimu unaofuata tunakutana tena pale pale, na safari hiyo watu wana kumbukumbu ya msimu uliopita.

Sisemi ukabila haupo. Upo, nausikia mnadani kila wiki. Ila huku kwetu umekuja baada ya mambo mengine kuharibika, na mnapoanza na ule mnayaacha yale yaliyouleta.

Tuanze na nani ni nani, maana siku hizi kila mtu ana orodha yake ya wenyeji na wavamizi. Hawa wafugaji wasemao Kimasai tunaowaita Wakwavi, ambao wenyewe hujiita Ilparakuyo, wako Handeni tangu karne ya 19. Wajerumani waliwakuta. Kijana aliyezaliwa hapa, baba yake kazaliwa hapa, babu yake kazikwa hapa, akiambiwa "rudini kwenu" arudi wapi? Na Mzigua aliyelima bonde lile lile alilolima nyanya yake, halafu akaamka akakuta mahindi yote yamelaliwa na kundi la mtu asiyejulikana jina, naye mnataka avumilie mpaka lini? Kilindi wako Wanguu na milima yao. Wako pia Waakie, wawindaji na warina asali, wachache kiasi kwamba wakati mwingine sote tunawasahau, wakulima kwa wafugaji. Hao kila pori likigawiwa wanapungukiwa, na sijawahi kuona msafara ukienda kwa ajili yao.

Mkoa huu, waheshimiwa, umezoea watu wa kuja. Mkonge ulipoletwa Pangani mwaka 1893 na Dk. Richard Hindorf, wenyeji hawakuukimbilia, kazi ilikuwa ngumu na ujira mdogo. Wakoloni wakatafuta watu mbali. Kuanzia mwaka 1944 wakawa na chombo chao maalumu, SILABU, kilichosomba vibarua kutoka Kigoma, Njombe, Songea, hadi ng'ambo ya Mto Ruvuma. Ndio manamba. Waliwekwa kambini kabila kwa kabila, na aliyepanga hivyo alijua anachofanya, kwani watu wasiozungumza hawagomi. Ilipofika mwaka 1958 wakagoma, Mazinde na kwingineko, Mmakonde na Muha bega kwa bega. Miaka michache baadaye, mwaka 1964, mashamba ya mkonge ya nchi nzima yakaweka rekodi ya tani zipatazo 230,000 za singa, na nchi yetu ilikuwa ya kwanza duniani kwa mkonge. Kisha ikaja nailoni, bei ikaanguka, mashamba mengi yakawa pori. Wajukuu wa manamba hawakuondoka. Ukiwauliza kabila watakutajia la babu, ukiwauliza kwao ni wapi wanakutajia Mwelya, Ngombezi, Magunga. Ninawanunulia mahindi yao kila mwaka na sijasikia mtu akiwaambia warudi Kigoma.

Kuna mfano mwingine ambao nashangaa hamuutumii kabisa kwenye hotuba zenu. Katika karne ya 19 Wazigua wengi walichukuliwa hadi Somalia, wengine wakati wa njaa, wakawa watumwa kandokando ya Mto Juba. Vizazi vikapita, Kizigua hawakukiacha. Vita vilipoivunja Somalia mwaka 1991, baadhi yao wakapanda majahazi wakarudi. Wakawekwa Mkuyu, hapo karibu na mji wa Handeni, baadaye wakapewa ardhi Chogo, na wengi wakapata uraia wa Tanzania. Watu walioondoka na minyororo walirudi wakiwa wakimbizi, wakapokewa. Kwa nini Chogo ilikwenda kwa utulivu? Moyo mwema ulikuwepo, sikatai, na lugha moja ilisaidia. Lakini kulikuwa na eneo lililopimwa, likajulikana ni la nani, na maji na shule vilifikiriwa kabla watu hawajafika. Moyo mwema peke yake ungeisha kwenye foleni ya kwanza ya kisima.

Sasa nije kwenye umaskini wenyewe, ambao ndio unatugombanisha.

Handeni na Kilindi ni kukavu. Mvua ikikosea kidogo, mahindi yanakauka yakiwa na mbelewele. Miaka ya 1970 watu walipohamishiwa kwenye vijiji wakati wa Operesheni Vijiji, waliambiwa wakae pamoja ili wapate maji, shule na zahanati. Ndipo ukajengwa ule mradi wa HTM (Handeni Trunk Main), wa kuvuta maji ya Mto Pangani kutoka upande wa Korogwe hadi Handeni. Mabomba yale yamezeeka kuliko mimi. Yanapasuka, pampu zinakufa, na kiangazi ndoo ya maji mjini Handeni inageuka bidhaa yenye bei ya kupanda na kushuka kama ufuta wangu. Tunashukuru kwamba mradi wa miji 28, ambao mikataba yake ilisainiwa mwaka 2022, umeiingiza Handeni pamoja na Korogwe, Muheza na Pangani. Maji ya mji ni jambo kubwa. Lakini ng'ombe hawanywi mjini, na mkulima wa Kilindi hafungi safari kwenda kuoga Handeni.

Nendeni mkae kwenye lambo moja mwezi wa tisa, siku nzima, bila kuaga mtu. Asubuhi kina mama na madumu. Saa nne mifugo. Mchana wanarudi kina mama, maji yameshakuwa rangi ya chai ya maziwa. Hapo ndipo maneno yanapoanza. Na mama aliyekasirika na ndoo tupu hamwiti mwenzake "mfugaji", anamwita kabila lake. Malambo mawili yangetosha, moja la watu na moja la mifugo, na tusi lile lisingekuwa na pa kutokea. Josho nalo vilevile: lililo zima likiwa mbali, kundi linavuka mashamba ya vijiji vitatu kulifuata. Mfugaji hafanyi hivyo kwa dharau, anafuata dawa ya kupe.

Barabara nitaisema kwa kifupi kwa kuwa mnaijua. Lami ilipofika Handeni kutoka Korogwe na kutoka Mkata, mahindi yalipata wanunuzi zaidi, nami nilipata ushindani ambao sikuupenda ila ulikuwa wa haki. Ukiiacha lami kuelekea Songe masika, gari la mzigo linalala njiani, na dalali anayefika huko anafunga lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, kwa bei anayotaka kwa sababu yuko peke yake. Lumbesa imekatazwa kisheria. Mkulima anajua, dalali anajua, askari kwenye geti la ushuru anaiona ikipita.

Halafu Msomera, kijiji cha huku kwetu Handeni.

Najua ni neno zito, na najua wapo wanaoandika kulihusu wakiwa mbali sana na hapa. Kuanzia Juni 2022 serikali ilianza kuleta familia kutoka Ngorongoro na kuzijengea nyumba Msomera. Kama wote walihama kwa hiari au la, ni ubishi mkubwa unaoendelea, na wenye kuujibu ni wao wenyewe. Mimi nitasema ninachokiona kutoka Handeni. Waliokuwepo Msomera kabla, na humo wamo Wazigua na wamo Wamasai wa hapa hapa, baadhi yao walilalamika hadharani kwamba mashamba yao yamegawiwa wageni bila wao kushirikishwa wala kufidiwa. Malalamiko hayo yanahitaji jibu la maandishi, jina kwa jina, shamba kwa shamba. Yakiachwa yatageuka chuki, na chuki hiyo haitawafuata waliotoa amri. Itamfuata jirani aliyepewa nyumba, ambaye hakuchagua kiwanja wala hakuchora ramani.

Kuna jambo la pili kuhusu Msomera ambalo vijiji vya jirani wanalisema kwa sauti ya chini. Maji, umeme, mawasiliano, shule na huduma za afya vilijengwa pale kwa kasi ambayo hakuna aliyewahi kuiona katika wilaya hii. Vijiji vilivyokuwa vinaomba kisima tangu enzi za Operesheni vilisimama vikatazama magari ya vifaa yakipita. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Safari hii mgeni kaja na mwenyeji bado anasubiri kupona. Siwaonei wivu waliofika. Ila tangu siku ile, mtu akiniambia serikali haina uwezo wa kuchimba kisima Kilindi, simwamini tena.

Sheria tunazo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji namba 5 ya mwaka 1999 inasema ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji, na mambo makubwa hupelekwa mkutano mkuu. Imeeleza hata utaratibu wa Rais anapotaka kuihamisha ardhi ya kijiji kwa manufaa ya umma: eneo lisilozidi hekta 250 mkutano mkuu wenyewe ndio unaokubali au kukataa, likizidi hapo uamuzi ni wa Waziri baada ya kupata mapendekezo ya mkutano huo. Mwaka 2007 ikaja sheria ya mipango ya matumizi ya ardhi. Kilimo hapa, malisho pale, makazi, msitu, njia ya mifugo. Ni kazi ya vigingi na kamba, na posho za wapimaji. Sasa kwa nini vijiji vingi havina mpango, au vinao kwenye kabati? Kwa sababu kijiji kisicho na mpango kina faida kwa mtu. Anayetaka kuuza ekari mia za pori kwa mgeni kutoka mjini hahitaji ramani ukutani.

Mkulima anasema mwenye ng'ombe humaliza kesi kabla haijafunguliwa. Mfugaji anasema mifugo yake ikikamatwa analipishwa faini isiyo na risiti. Nimewasikiliza wote wawili kwa miaka, nikawapimia mahindi wote wawili, na nawaambia: wote wanamlalamikia mtu yule yule, mwenye muhuri. Wangeyasema hayo katika mkutano mmoja, mwenye muhuri angekuwa na shida. Kila mmoja akiyasemea kwao, shida inakuwa ya kabila.

Na msiseme haiwezekani. Vukeni mpaka tu, mwende Kiteto. Vijiji vya Olkitikiti, Lerug na Ngapapa vilikaa vikapanga ardhi yao kwa pamoja na kutenga malisho ya ushirika, yanaitwa OLENGAPA kwa kuunganisha majina yao. Hii ndiyo Kiteto ile ile ambayo Januari 2014 watu waliuawa katika mapigano ya wakulima na wafugaji, na ambayo imevutana na Kilindi yetu juu ya mpaka wa wilaya kwa miaka mingi. Hata huko, penye maiti, watu wameweza kupanga. Kilosa, Desemba 2000, pale Rudewa Mbuyuni waliuawa watu 38. Sisi tunasubiri idadi gani?

Idadi ya watu nayo haitusubiri. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 2,045,205 katika Mkoa wa Tanga. Ya mwaka 2022 ikahesabu 2,615,597. Zaidi ya nusu milioni wameongezeka na ardhi haijaongezeka hata hatua moja. Na kumbukeni, sensa hizo hazikuuliza kabila. Ya mwisho kuuliza ilikuwa ya mwaka 1967. Taifa liliamua swali hilo halina kazi katika kugawa shule na zahanati. Lakini ukiingia baadhi ya ofisi za vijiji na kata, swali bado linaulizwa, kwa macho kama si kwa mdomo. Kijana wa Kimasai akienda kuuliza mkopo wa ile asilimia kumi ya mapato ya halmashauri, ya vikundi vya wanawake, vijana na wenye ulemavu, anaambiwa vikundi vimeshajaa. Binti wa Kizigua akiuliza kwa nini ajira ndogondogo za bomba la mafuta zimekwenda kwa ndugu wa fulani, anaambiwa majina yalitoka juu. Bomba lenyewe lina kilomita 1,443, kutoka Hoima hadi Chongoleani, na limepita Kilindi na Handeni likielekea baharini. Sijui mradi mkubwa kuliko huo uliowahi kupita kwenye mashamba yetu. Majina ya waliopata kazi, mikopo na fidia yangebandikwa hadharani, na kando ya kila jina kijiji chake, uvumi ungekufa wenyewe. Au ungethibitika, na hilo nalo lina faida.

Kwenu wabunge na madiwani nina neno la peke yake. Wakati wa kampeni mnakuja na sura mbili. Jukwaani mnasema Tanzania ni moja, mnanukuu Katiba, ibara ya 13, inayokataza mtu kubaguliwa kwa kabila lake. Usiku mnakaa na wazee wa ukoo mkiwaambia "mkimpa kura yule, ardhi itakwenda kwa watu wake." Nimeyasikia kwa masikio yangu, chama kimoja na kingine, sibagui. Mkishapata viti mnaondoka kwenda Dodoma, na sisi tunabaki na maneno yenu kwenye lambo.

Tena kuna hili la shule, ambalo huenda wengi hawakuliona likitokea. Zamani mtoto wa Handeni akifaulu alipangiwa Tabora au Songea, na wa Lindi analetwa Tanga. Bweni lilimfundisha kuishi na watu kuliko somo la uraia. Shule za kata zilipoanza kuenea mwaka 2006 zilituokoa, bila zile binti zangu wasingefika kidato cha nne, siwezi kuzibeza. Lakini mtoto anazaliwa, anasoma na kuoa ndani ya kata moja, na jirani wa kabila lingine anamwona siku ya mnada au siku ya ugomvi. Bweni moja la wilaya, lililo na nafasi za watoto wa wafugaji na wa wakulima kwa makusudi, lingefanya kazi ambayo semina za amani hazijafanya. Mtoto wa mfugaji anayehama na mifugo ndiye anayelihitaji bweni kuliko wote.

Ninachoomba basi. Kila kijiji cha Handeni na Kilindi kiwe na ramani ukutani, inayosomeka, na vigingi shambani vinavyolingana nayo, tukianza na vile ambavyo watu wameshaumizana. Malambo ya mifugo yachimbwe mbali na visima vya watu, na majosho yafufuliwe. Faini isiyo na risiti iwe ni wizi, na mwenye kuipokea ashitakiwe, hata akiwa mtendaji mpendwa wa chama. Wa Msomera, waliokuja na waliokuwepo, wajibiwe kwa maandishi. Hayo ya mabweni mnaweza kuyaweka kwenye bajeti ya mwaka mwingine, nina subira.

Majibu msiniletee mimi. Yabandikeni kwenye mbao za matangazo za ofisi za vijiji, pamoja na tarehe ya mkutano mkuu, mje mjibu maswali. Mkipanga tarehe hiyo muulize kwanza siku ya mnada wa eneo husika ni ipi, muiepuke. Siku ya mnada hamtampata mtu kijijini. Wakulima, wafugaji na mimi tutakuwa sokoni tunabishana bei.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mchuuzi wa nafaka,
Handeni, Tanga.